Mshauri wa uhusiano mwema, nani atakulipa ukiugua?

Huenda wewe ni mmoja wa wale walioacha kazi ya mshahara, au waliopigwa kalamu, kisha wakaamua kujitegemea kama washauri wa uhusiano mwema. Ikiwa ndivyo, unaijua vyema orodha ya kazi unazowafanyia wateja wako. Unaandika taarifa kwa vyombo vya habari. Unaandaa vikao na wanahabari. Unawafunza wakurugenzi jinsi ya kujibu maswali magumu bila kupandisha hasira. Sakata inapozuka, wewe ndiwe unayeamshwa usiku wa manane ili utafute maneno ya kuizima.

Lakini kuna bidhaa moja unayoiuza kila siku bila kuiandika kwenye ankara. Bidhaa hiyo ni afya yako.

Hoja yangu leo ni kwamba gharama ya afya ya mshauri anayejitegemea ni sehemu ya gharama ya kazi yake, sawa na nauli, umeme na intaneti, na yafaa ihesabiwe katika bei anayomtajia mteja. Anayeiacha nje ya hesabu asidhani anamfanyia mteja hisani. Anakopa kutoka mwilini mwake, na mwili ni mdai asiyesamehe.

Anachopata aliyeajiriwa

Hebu tuanze kwa kulinganisha. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, kwa mshahara kamili. Akishatumikia miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, ana haki ya angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyingine za nusu mshahara kila mwaka. Mwanamke akijifungua hupewa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Baba naye hupewa wiki mbili.

Wewe uliyejiajiri huna hata siku moja kati ya hizo. Mbele ya sheria wewe si mfanyakazi wa mteja wako. Wewe ni mtoaji huduma. Ukishikwa na malaria Jumatatu, mapato yako nayo yanaugua Jumatatu hiyo hiyo. Ndiyo maana utamwona mshauri akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa hoteli, pua imeziba na macho mekundu, akiwapokea wanahabari kwa tabasamu. Angekuwa ameajiriwa angekuwa kitandani. Isitoshe, homa aliyokuja nayo anaigawia ukumbi mzima.

Kisha kuna bima. Enzi za hazina ya NHIF, mtu aliyejiajiri alitozwa Sh500 kwa mwezi. Tangu Oktoba 1, 2024 mambo yalibadilika pale Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya hazina hiyo. Sasa mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na haupungui Sh300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa hukatwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Wewe uliyejiajiri hukadiriwa mapato ya nyumba yako kwa maswali unayojibu, kisha sheria inakutaka ulipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja.

Tazama maana yake. Ukikadiriwa kuwa unapata Sh100,000 kwa mwezi, mchango wako ni Sh2,750 kila mwezi, yaani Sh33,000 kwa mwaka. Si pesa za kumshinda mtu wa mapato hayo. Lakini zikidaiwa katika mwezi ambao wateja wawili hawajalipa, na karo ya watoto inangoja, utajiambia kwamba utalipa mwezi ujao. Mwezi ujao nao unakuja na yake. Ugonjwa haupigi hodi ukauliza ikiwa umeshalipa.

Kazi isiyolala

Kuna wanaojitegemea wa kila aina mjini: maseremala, mafundi wa kompyuta, wahasibu, washonaji. Wote hawana likizo ya ugonjwa. Je, mshauri wa uhusiano mwema ana lipi la ziada?

La kwanza ni saa za kazi. Zamani gazeti likishachapishwa na taarifa ya habari ya saa tatu usiku ikishasomwa, mtu wa kazi hii aliweza kulala akijua kwamba hakuna jipya hadi asubuhi. Siku hizi mteja wa benki akikwama na pesa zake saa nane za usiku, atalalamika mtandaoni saa nane na dakika tano, na kufikia alfajiri maelfu watakuwa wamemsoma. Mkurugenzi naye ataamka, aone, na ampigie simu mtu mmoja tu. Mtu huyo ni wewe.

La pili ni kwamba kazi yenyewe ni kubeba misukosuko ya wengine huku uso ukiwa mtulivu. Mkurugenzi anafoka, nawe unamtuliza. Mhariri anakataa habari yako kwa maneno makali, nawe unamshukuru. Mwanahabari anauliza swali la kuudhi, nawe unacheka. Kuficha unachohisi kutwa nzima, siku baada ya siku, ni kazi nzito kama kubeba magunia, ila tu jasho lake halionekani.

La tatu ni upweke. Kampuni kubwa ikipatwa na balaa huwa na kikosi. Mnamo 1982, watu 7 walipofariki katika eneo la Chicago, Marekani, kwa sababu mtu alitia sumu katika tembe za Tylenol, kampuni ya Johnson & Johnson iliziondoa madukani chupa milioni 31 hivi, na namna ilivyozungumza na umma ingali inafundishwa vyuoni kama mfano mwema. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya watu wengi waliopokezana zamu. Hata Edward Bernays, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, aliyefungua ofisi yake mjini New York mnamo 1919, hakuwa peke yake. Doris Fleischman, aliyekuja kuwa mkewe, alifanya naye kazi tangu mwanzo. Wewe unafungua ofisi kwenye meza ya chakula, na ukipatwa na kizunguzungu hakuna wa kupokea simu kwa niaba yako.

Mwili unavyolipa

Tusiseme haya kwa hisia tupu, yana takwimu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa makadirio yao kuhusu saa za kazi na vifo. Yaligundua kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupatwa na kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaoletwa na mishipa iliyoziba nayo huzidi kwa asilimia 17. Kwa makadirio hayo, watu 745,000 walikufa duniani mwaka wa 2016 kwa magonjwa hayo mawili yakihusishwa na kufanya kazi saa nyingi mno.

Sasa hesabu saa zako. Usihesabu tu zile ulizokaa mbele ya kompyuta. Weka pia zile za kujibu ujumbe ukiwa kitandani, za kungoja katika foleni ya magari ya Barabara ya Mombasa ukienda kwa mteja, na za Jumapili alasiri ulipokuwa ukirekebisha hotuba ya mtu huku watoto wakikungoja.

Namna mwili unavyoumia si fumbo. Unaposhtuliwa na simu ya usiku, mwili hutoa homoni za kukuandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga kasi, mishipa hubana, na shinikizo la damu hupanda. Shtuko likiisha, mambo hurudi kawaida. Lakini yakija mashtuko matatu kwa siku, usingizi ukawa wa saa nne, na chakula kikawa sambusa na soda za uzinduzi, mwili unakosa nafasi ya kutulia.

Ubaya ni kwamba shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa nalo, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Aliyeajiriwa katika kampuni kubwa huenda akapimwa siku ya afya kazini. Wewe huna siku hiyo, mpaka ujiwekee mwenyewe.

Na kuna tabia nyingine inayohitaji kukemewa. Kichwa kikiuma, mshauri hununua tembe za maumivu dukani, huzimeza kwa kahawa, tumbo likiwa tupu, kisha huendelea na kazi. Dawa kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuchoma ukuta wa tumbo na kuleta vidonda, na baadhi huweza kupandisha shinikizo la damu. Watu husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. La hasha. Visababishi vikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa hizo za maumivu. Mawazo huchangia kwa mlango wa nyuma, kwa kukufanya umeze tembe na usile.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Ukiwauliza washauri wanaojitegemea ni jambo lipi linalowanyima usingizi zaidi, si ajabu wakutajie malipo yanayochelewa kabla ya kazi yenyewe. Unamaliza kazi Januari. Unatuma ankara. Unaambiwa kampuni hulipa baada ya siku 30. Zikiisha, unaambiwa 60. Zikifika 90, mhasibu aliyekuwa akiishughulikia yuko likizoni, tena likizo ya malipo!

Wakati huo huo serikali haingoji. Ikiwa umesajiliwa kutoza ushuru wa VAT wa asilimia 16, unatakiwa kuuwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, mteja awe amelipa au hajalipa. Yaani unaweza kukopa ili ulipe ushuru wa pesa ambazo hujaziona. Na zikija, kodi ya asilimia 5 huwa tayari imekatwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nao walisema kweli. Mtu asiyejua atalipwa lini huahirisha kumwona daktari, hununua nusu ya dawa alizoandikiwa, na hukubali kazi nyingine mbili ili kuziba pengo. Kazi hizo mbili nazo zitalipwa baada ya siku 90.

Hesabu ya bei halisi

Tiba ya kwanza, basi, iko kwenye kalamu na karatasi. Wengi hukokotoa bei yao kwa kuchukua mshahara waliokuwa wakipata na kuugawanya kwa siku za kazi. Mwaka ukiondoa Jumamosi na Jumapili una siku 261 hivi. Mtu anayetaka Sh1,200,000 kwa mwaka atagawanya kwa 261, apate kama Sh4,600, na aseme hiyo ndiyo ada yake ya siku.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, kwa kuwa hutauza siku 261. Ondoa sikukuu takriban 12, zinabaki 249. Ondoa siku 21 za likizo, zile zile ambazo sheria ingekupa kama ungekuwa umeajiriwa, zinabaki 228. Ondoa siku 14 za ugonjwa, zinabaki 214. Halafu kumbuka kwamba angalau siku moja kati ya tano huipoteza ukitafuta wateja, ukiandika mapendekezo ya kazi na ukifuatia malipo. Unabaki na siku 171 hivi. Gawanya Sh1,200,000 kwa 171 na utapata zaidi ya Sh7,000. Bado hujaongeza bima, akiba ya uzeeni, intaneti na nauli.

Tofauti ya Sh4,600 na Sh7,000 si tamaa. Hiyo ndiyo pesa ya kulala ukiugua. Anayetoza Sh4,600 lazima afanye kazi siku za likizo, siku za homa na siku za kumwuguza mtoto.

Yaandike katika mkataba

Tiba ya pili ni mkataba. Ni ajabu kwamba mtu anayelipwa kwa kuchagua maneno ya wengine huingia kazini kwa maneno ya mdomoni. Yako mambo matano ambayo ningependa uyaandike kabla ya kuanza kazi yoyote.

Kwanza, malipo ya awali, mathalan nusu ya ada, kabla hujaandika hata sentensi moja. Pili, tarehe ya kulipwa salio, na nyongeza ikipita. Tatu, saa unazopatikana. Andika kwamba baada ya saa mbili usiku simu ni ya dharura tu, eleza dharura ni nini, na utaje bei yake, ambayo iwe juu. Utashangaa jinsi dharura zitakavyopungua zikishakuwa na bei. Nne, jina la mshauri mwenzako atakayeshika kazi ukiugua. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwekeane ahadi ya kushikiana zamu, na mteja amjue mapema. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tano, wiki zako za mapumziko, zikiwa zimetajwa kwa tarehe.

Najua utaniambia, "Nikidai hayo yote, mteja ataenda kwa mwingine." Hofu hiyo ina msingi, wako wengi mjini wanaotafuta kazi hiyo hiyo, na baadhi watakubali bei yoyote. Basi usianze na mteja wako mkubwa. Anza na mteja mpya, ambaye hajazoea kukupata saa sita za usiku. Na usiombe kama anayeomba msaada. Mweleze kwamba ananunua utulivu wako wakati wa msukosuko, na kwamba mshauri asiyelala siku tatu atamwandikia taarifa itakayomtia aibu. Hiyo ni hoja ya biashara, nayo ni ya kweli. Mteja anayesikia hayo na bado anataka kukutumia bila kukulipa kwa wakati, mwache aende. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wako pia watakaosema kwamba kujitegemea ndiko kwenye afya, kwa sababu huna mkubwa wa kukufokea, unapanga siku yako, na unaweza kumpeleka mtoto kliniki bila ruhusa. Sipingi. Uhuru huo ni tunu, na wengi hawangerudi ofisini hata kwa mshahara maradufu. Lakini aliye huru kuchagua saa zake akachagua kufanya kazi saa zote, amejiajiri kwa mwajiri mkali kuliko yule aliyemkimbia.

Kwa wanaoajiri washauri hawa

Nawe meneja unayesoma ukurasa huu, neno lako lipo. Ankara iliyolala mezani pako siku 90 ni mkopo uliouchukua kutoka kwa mtu asiye na benki nyuma yake. Kampuni yako huenda inachapisha ripoti nzuri kuhusu kuwajali wafanyakazi, na pengine ripoti hiyo imeandikwa na mshauri ambaye bado hujamlipa. Mlipe kwa wakati. Hiyo ni huduma ya afya isiyohitaji hospitali.

Chama cha Uhusiano Mwema nchini, PRSK, kipo tangu 1971. Kingefanya jambo la maana kikiwaandalia wanachama wanaojitegemea mfano wa mkataba wenye masharti kama haya, na kikisimamia bima ya pamoja. Mtu mmoja akidai ataitwa mkaidi. Wengi wakidai utakuwa ndio utaratibu wa kazi.

Kwa leo, fanya mambo mawili. Pitia kwa mfamasia au kituo cha afya kilicho karibu upimwe shinikizo la damu. Ukipimwa siku tofauti na vipimo vikawa 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari bila kungoja ankara ilipwe. Kisha, jioni, chukua kalamu ukokotoe bei yako upya, siku za kuugua zikiwemo. Umewatetea wengine vya kutosha. Sasa jitetee mwenyewe.